Ala ni Mbao, Ngozi ni Nguo Yake: Kutengeneza kwa Mkono Ala ya Upanga wa Ulaya wa Karne ya 13

Watu wengi wakisikia ala ya upanga wanafikiria ngozi. Wanakwenda kwa fundi viatu, wanamwekea upanga mezani, anawashonea mfuko mrefu, na baada ya miezi mitatu wanarudi kunung'unika: mfuko umelegea, makali yamekata mshono, bapa limeota madoa ya kutu. Fundi hana kosa. Alishona alichoambiwa.

Ala za panga za Ulaya za zama za kati hazikuwa mifuko. Zilikuwa mbao mbili nyembamba zilizochongwa kufuata umbo la upanga, zikatandikwa sufu au manyoya ndani, zikaunganishwa kwa gundi, zikazungushiwa kitambaa, na mwisho kabisa ndipo zikavikwa ngozi. Hata ala ya upanga wa kifalme wa Dola Takatifu ya Kirumi, inayotunzwa jumba la Hofburg mjini Vienna, iko hivyo. Ni ya karne ya 11 na imefunikwa mabamba ya dhahabu yenye sura za wafalme 14, lakini chini ya dhahabu yote ile kuna mti wa mzeituni. Na kama umewahi kushika sime ya Kimaasai iliyo kwenye ala yake ya zamani, kazi hii unaijua tayari: chini ya ile ngozi nyekundu kuna vipande viwili vya mti.

Ala nitakayoeleza hapa ni ya upanga wa mkono mmoja, wa aina iliyovaliwa Ulaya magharibi kati ya mwaka 1250 na 1300 hivi. Kipindi hiki nimekichagua kwa sababu kina vya kuigia. Kanisa kuu la Naumburg, Ujerumani, lina sanamu za mawe za wafadhili wake zilizochongwa katikati ya karne ya 13, na baadhi yao wameshika panga zikiwa ndani ya ala, mkanda umezungushwa juu yake. Kule Burgos, Hispania, kwenye monasteri ya Las Huelgas, alizikwa Fernando de la Cerda, mwanamfalme aliyefariki 1275, pamoja na upanga wake, na mkanda wake wa fahari upo hadi leo. London kwenye kingo za mto Thames zimechimbuliwa ala nyingi za ngozi za visu, na juu yake unaona kabisa mistari na ngao walizochora mafundi wa wakati ule.

Tenga wiki tatu. Kazi yenyewe haifiki hata nusu ya muda huo. Muda mwingi unakwenda kwenye kungoja gundi ishike na ngozi ikauke, na ala nyingi zinaharibikia hapo pa kungoja.

Upanga kwanza

Ala haitengenezwi kwa vipimo vya kwenye karatasi. Inatengenezwa kwa upanga mmoja uliolala mezani mbele yako, na ikikamilika usitegemee kuutia upanga wa jirani. Upanga wangu wa mfano una bapa la urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 5 karibu na mpini, na unene wa milimita 5 hapohapo, ukipungua hadi milimita 2 na nusu kuelekea ncha. Katikati una mfereji unaokimbia zaidi ya nusu ya urefu. Mfereji huo usikusumbue, mbao haziufuati.

Kama una makali, yafunike kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi mpaka siku ya mwisho. Damu kwenye ubao mweupe haitoki. Na ujue sheria ya kwenu inasemaje kabla hujatoka nao nje ya geti; mbele ya polisi huo ni silaha, hata ukiwaeleza habari za karne ya 13 mpaka jioni.

Mbao

Wenzetu wa Ulaya walitumia miti myepesi isiyo na makuu, popla ikiwa mojawapo. Mwaloni, pamoja na sifa zake zote, ni mbaya kwa kazi hii kwa sababu asidi iliyomo ndani yake hula chuma taratibu. Huku Afrika Mashariki mimi hutafuta podo iliyokauka vizuri, na nikiikosa hutumia grevilea. Kanuni yangu ni ya pua: ubao unaonukia sana usiulaze na chuma. Mwerezi, msindano wenye utomvu na mkaratusi, yote hiyo waachie wenye makabati.

Ubao uwe mkavu kwelikweli. Mbichi ukikaukia ndani ya ngozi utapinda, na upanga utaingia nusu tu. Uuchukue usio na vifundo, nyuzi zake zikienda moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho, kisha upasue vipande viwili vya sentimita 88 kwa sentimita 7, unene milimita 8. Vitoke kwenye ubao mmoja, vikiwa vimepakana, na vikunjuke kama kurasa mbili za kitabu kilichofunguliwa. Hivyo kimoja kikitaka kupinda kushoto, mwenzake atakivuta kulia.

Vifaa vingine ni vya kawaida: msumeno, randa ndogo, patasi bapa na patasi yenye mdomo wa mviringo, msasa, kisu kikali, gundi nyeupe ya mbao, msharasi wa fundi viatu, sindano mbili butu na uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki. Ongeza tyubu kuukuu ya baiskeli. Sababu utaiona.

Kuchonga tumbo la ala

Laza upanga juu ya ubao wa kwanza, kile chuma cha msalaba kinachokinga mkono kikigusa ukingo wa ubao. Uzungushie kalamu ya risasi iliyochongoka. Ondoa upanga, kisha chora mstari mwingine nje ya ule wa kwanza kwa milimita 2 kila upande. Hiyo ni nafasi ya sufu. Fanya vivyo hivyo kwenye ubao wa pili, lakini kwanza ugeuze upanga, kwa maana panga nyingi hazilingani pande zote mbili hata kama duka limekuapia zinalingana.

Kina cha kuchonga ni nusu ya unene wa upanga pamoja na unene wa sufu. Kwa upanga huu, mdomoni ni milimita 4 (mbili na nusu za chuma, moja na nusu za sufu), na inapungua polepole mpaka karibu milimita 3 kwenye ncha. Baada ya ncha acha nusu sentimita ya nafasi, halafu sentimita 2 za ubao mzima usiochongwa. Huo ubao mzima utashika msumari wa kofia ya shaba baadaye.

Sasa umbo. Ala yangu ya kwanza niliichonga kama sanduku: kingo zimesimama wima, sakafu tambarare. Vipimo vilikuwa sahihi, na upanga uligonga humo ndani kama njugu kwenye kibuyu. Upanga ni mnene katikati na mwembamba pembeni, kwa hiyo tumbo la ala nalo liwe kama sahani, kina kikiwa katikati na kupungua kadiri unavyokaribia mistari. Anza na patasi ya mviringo ukienda na nyuzi za mti, si dhidi yake, na ukibakiza milimita moja acha patasi. Malizia kwa kukwangua. Kipande cha kioo kilichovunjika kinakwangua vizuri kuliko msasa, ila vaa glavu.

Utajuaje pamebaki wapi? Chukua masizi ya sufuria, yapake kwenye bapa kwa kidole, laza upanga kwenye tumbo la ubao na uubonyeze kidogo. Ukiuinua utaona alama nyeusi pale panapogusa. Kwangua alama hizo tu, paka tena, laza tena. Mara ya kwanza utaona madoa matatu au manne. Endelea mpaka masizi yatapakae karibu urefu wote kama kivuli chepesi. Mchana mzima unaweza kuishia hapa, na ni mchana uliotumika vizuri, maana kosa lililobaki humu halirekebishiki tena baada ya gundi.

Sufu

Ndani ya ala panahitaji kitu laini kinachoshika upanga bila kuukwaruza. Ulaya walitumia kitambaa, sufu au ngozi ya kondoo yenye manyoya mafupi. Sufu ina mafuta yake ya asili, ndiyo maana haigombani na chuma. Tafuta kitambaa cha sufu chenye unene wa milimita moja na nusu. Blanketi la zamani linafaa sana. Lakini hakikisha ni sufu. Chomoa uzi mmoja, uchome kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika. Ikiyeyuka na kuacha kishanga kigumu, hiyo ni plastiki, na plastiki hutunza unyevu. Shuka nyingi za sokoni zinashindwa mtihani huu.

Kata sufu ifuate umbo la tumbo. Paka gundi kidogo mno kwenye ubao kwa kidole, mistari miembamba tu, kisha bandika. Gundi ikizidi italowesha sufu na kuifanya ngumu kama karatasi ya boksi. Kama unatumia ngozi ya kondoo, manyoya yalale kuelekea ncha. Sentimita 6 za mwanzo pale mdomoni ongeza ukanda mwembamba wa pili, kwa sababu ala nzuri huubana upanga mdomoni na kuuacha huru kwingine kote.

Kuunganisha

Wazee wa kazi hii walitumia gundi iliyochemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa. Ni gundi nzuri, lakini inataka moto wa taratibu na mikono ya haraka, na kwa ala ya kwanza gundi nyeupe ya mbao itakupunguzia maumivu ya kichwa.

Zungushia upanga nailoni nyembamba, tabaka moja, na upake mafuta juu ya nailoni. Paka gundi kwenye kingo za ubao mmoja, ukiacha milimita moja kavu upande wa ndani ili isiminyike na kuingia tumboni. Laza upanga, funika na ubao wa pili, hakikisha midomo inalingana. Hapo ndipo tyubu ya baiskeli inapoingia: ikate ukanda mrefu wa upana wa vidole viwili, uzungushe toka mdomoni hadi nchani ukiuvuta kwa nguvu kila mzunguko. Inabana sawasawa kila mahali, jambo ambalo vibano vya chuma kumi na mbili havitakupa.

Baada ya dakika kumi na tano chomoa upanga. Rudia: chomoa upanga. Mimi ala ya pili niliuacha ndani nikaenda kulala, nikidhani nailoni itanilinda. Gundi ilipita kwenye tundu dogo, na asubuhi nililazimika kuipasua ala kwa patasi ili kumtoa mfungwa. Ukishauchomoa, acha mbao kwenye tyubu zake mpaka kesho.

Kuchonga nje

Sasa una kitu kizito chenye sura ya rula. Kwa randa na kisu, punguza kingo mpaka kubaki milimita 3 za ubao nje ya tumbo, kisha chonga nyuso zote mbili. Ukiikata ala katikati, umbo lake liwe kama kokwa la embe: nene katikati, jembamba pembeni. Lengo ni ukuta wa milimita 2 hadi 2 na nusu. Ala za kale zilikuwa nyembamba kiasi cha kushangaza, na nakala nyingi za siku hizi zinajulikana kwa mbali kwa unene wake, kama upanga umevaa godoro.

Kupima unene wa ukuta usiouona, ingiza mwanga. Washa tochi ya simu, ielekeze mdomoni ndani ya chumba chenye giza. Ubao mweupe uliobaki milimita moja na nusu huanza kung'aa rangi ya chungwa. Ukiona chungwa, acha kuchonga hapo mara moja.

Mbao zikiwa tayari, zote mbili pamoja zisizidi gramu 200 hivi. Ingiza upanga, shika ala, igeuze mpini ukiangalia chini. Upanga ukae. Ukitikisa mara moja kwa kifundo cha mkono, uanze kuteleza. Ukidondoka wenyewe, ongeza sufu mdomoni kwa kuisukuma na kijiti chenye gundi. Ukigoma, tia kijiti chenye msasa. Na usisubiri ule mlio wa filamu, ule wa chuma kusugua chuma. Upanga unaotoka kwenye sufu na mbao hautoi sauti, na ukitoa ujue kuna msumari mahali.

Kitambaa na mistari ya kunyanyuka

Kitambaa chembamba cha kitani ndicho asili. Amerikani ya kawaida inafanya kazi hiyohiyo kwa bei ya chai. Iloweshe kwenye gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, izungushe kwenye mbao mara moja, ifute kwa kiganja mpaka isiwe na kiputo. Ikikauka inakuwa ngumu kama ngozi ya ngoma, na hata siku ubao ukipata ufa, kitambaa kitaushika.

Juu ya kitambaa, bandika kamba nyembamba ya pamba pale unapotaka mistari ya kunyanyuka: mizunguko miwili chini kidogo ya mdomo, na miwili mingine sentimita 15 chini yake. Hiyo itakuwa mipaka ya mikanda, ili isiteleze.

Ngozi

Hapa usifanye ubahili. Unataka ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, si kwa kromu. Ya kromu haishiki umbo, haipokei michoro, na kemikali zake hazina urafiki na chuma. Ya magome, kama ile inayotengenezwa kwa miwati, ukiilowesha hulainika kama unga uliokandwa na ikikauka hukumbatia kilichomo ndani. Unene wa milimita 1 hadi 1 na nusu. Ya ndama ndiyo bora kwa urefu. Ngozi nyingi za mbuzi hazifiki sentimita 90 za moja kwa moja.

Zungushia ala karatasi na uchore umbo lake lililokunjuliwa. Kwa ala hii mzunguko mdomoni unafika milimita 124 hivi. Kata ngozi ikiwa pungufu kwa milimita 6 urefu wote, maana italegea ikilowa na lazima uivute. Kwenye kila ukingo piga mstari mwepesi milimita 4 toka pembeni, na utoboe matundu kila baada ya milimita 5 kwa msharasi. Hesabu matundu ya pande zote mbili kabla ya kuendelea. Yakitofautiana hata moja, mshono utaanza kuzunguka ala kama mzabibu.

Kama una subira ya ziada, toboa tundu kutokea upande wa nyuma wa ngozi hadi kwenye ukingo wake wenyewe, bila kupita usoni. Uzi hautaonekana juu, kingo zitakutana uso kwa uso, na mshono utakuwa mstari mmoja mwembamba. Mimi kwa ngozi ya milimita 1 sijiamini, nashona kupita usoni na sioni haya.

Tumbukiza ngozi kwenye maji ya vuguvugu mpaka viputo viishe, itoe, ikamue kwa taulo. Upanga uwe chumba kingine kabisa. Vika ala, mshono ukiwa katikati ya upande wa nyuma, ule utakaogusa mwili. Shona kwa sindano mbili, kila moja ikitokea upande wake na zote zikipita tundu moja, ukianzia mdomoni. Kila baada ya shubiri moja simama, tazama kama mshono umenyooka, usukume kwa kidole gumba kama haujanyooka, funika kwa kitambaa chenye unyevu sehemu ambayo hujafika, endelea. Mshono wote wa sentimita 82 una matundu kama 160 kila upande. Weka redio karibu.

Ngozi ikiwa bado na unyevu, chukua kijiti kibutu cha mti au mfupa na ukandamize pembeni mwa zile kamba za ndani mpaka zionekane wazi. Hapo pia ndipo pa kuchora. Mistari miwili inayoshuka sambamba, mingine inayokatizana kama wavu, ngao ndogo, majani: yote haya yamo kwenye ala za London. Usichore kwa kisu kikali. Ngozi nyevu inakubali shinikizo, ukiichana haitasahau.

Ianike kivulini, ikining'inia, siku mbili. Ukiwa Mombasa, Tanga au Unguja mwezi wa mvua, hesabu nne. Juani usithubutu, itajikunja na kupasua mshono.

Rangi nyeusi ya siki

Njia hii ni ya zamani na haihitaji duka. Osha sufu ya chuma ya kusugulia sufuria kwa sabuni iondoke mafuta, itie kwenye chupa ya siki, funika bila kukaza kwa sababu hutoa gesi, na iache wiki moja. Chuja. Maji yake yana rangi ya chai hafifu na hayatishi kitu. Yapake kwenye ngozi ya magome na uangalie: kwanza kijivu, kisha bluu ya kilindini, na kabla hujamaliza kushangaa imekuwa nyeusi. Chuma kimekutana na tanini za magome. Haipauki wala haiachi weusi mikononi, maana si rangi iliyopakwa juu.

Jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni. Ziba mdomo wa ala kwa kitambaa ili siki isiingie tumboni. Ukimaliza, futa kwa maji yenye bikaboneti, kijiko kimoja cha chai kwa lita, kisha kwa maji safi, na uache ikauke tena. Halafu yeyusha nta ya nyuki kiasi kimoja na mafuta ya kitani viwili, bakuli likiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Sugua kwa kitambaa mpaka ngozi ikatae kunywa zaidi.

Kofia ya ncha

Ncha ya ala hugonga ngazi, mawe na miguu ya watu. Kata bamba la shaba ya njano la unene wa milimita 0.8, umbo la kipepeo; lipashe moto mpaka liwe jekundu hafifu na ulitumbukize kwenye maji, litalainika. Likunje juu ya kigingi cha mti ulichokichonga kama ncha ya ala, funga ukingo kwa lehemu, piga tupa na msasa. Kama lehemu si fani yako, mpelekee fundi pamoja na kigingi, usimpelekee ala. Ivike kwa gundi na msumari mmoja mdogo wa shaba unaoingia kwenye zile sentimita 2 za ubao mzima.

Mkanda

Ala bila mkanda ni rula ya bei ghali. Katika karne ya 13 mikanda mingi haikuwa na bizimu. Ngozi ilifungwa kwa ngozi. Unahitaji mikanda miwili ya ngozi ya ng'ombe, upana sentimita 4 na unene milimita 2 hivi: mfupi wa sentimita 60, na mrefu sawa na kiuno chako pamoja na sentimita 60.

Mkanda mfupi unazunguka ala chini ya mdomo, kati ya kamba zile za juu. Ncha yake ipasue nyuzi nne, mbili fupi na mbili ndefu za sentimita 40. Kwenye mkanda wenyewe toboa nyufa nne, pitisha nyuzi, vuta mpaka pete ibane ala. Fupi zifunge hapohapo. Ndefu zipishane nyuma ya ala na zishuke hadi mkanda mrefu, ambao umezunguka sentimita 15 chini kwa njia hiyohiyo. Zipitishe chini ya pete yake na uzifunge. Fanya yote ngozi ikiwa na unyevu, kwa sababu ikikauka inajikaza yenyewe.

Mfupi unakuja mbele ya tumbo, mrefu unapita mgongoni na kuja kukutana naye. Ncha ya mrefu itobolewe nyufa mbili za wima, ncha ya mfupi ipasuliwe mikia miwili. Mikia hupita kwenye nyufa na kufungwa fundo. Anayetumia mkono wa kulia anavaa upande wa kushoto.

Ala ikiningʼinia vizuri, mpini unaegemea mbele na ncha inaangalia nyuma, mbali na kisigino. Vaa, panda ngazi, shuka, kaa kitini, inuka. Ncha ikigonga kisigino, sogeza pete ya mkanda mrefu chini kwa vidole viwili na upanga utalala zaidi. Ukigonga kila mlango unaopita, umelala mno; pandisha. Mafundo ya ngozi yanafunguka, ndiyo raha yake.

Kuitunza

Upake upanga mafuta ya cherehani kabla ya kuurudisha, tabaka jepesi. Mafuta ya nazi yaache jikoni, yanachacha. Wiki ya kwanza uchomoe kila siku na upitishe kitambaa cheupe kwenye bapa. Kikitoka na rangi ya kahawia, ndani bado kuna unyevu wa gundi au wa ngozi, kwa hiyo weka ala na upanga mbalimbali wiki nyingine. Na kama unaishi pwani, mbalimbali ndiyo iwe kawaida: ala ining'inie ukutani, upanga ulale kwenye kitambaa chenye mafuta, vikutane siku ya kuvaliwa.